Baridi Ikikolea Ndiyo Tamu: Helsinki Hadi Inari Mwezi wa Kwanza

Nimerudi juzi, midomo bado imepasuka, na kabla mambo hayajachanganyika kichwani nimekaa na picha za simu na kijidaftari nilichokuwa naandikia kwa penseli (beba penseli, wino wa kalamu unagoma kwenye baridi). Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye hapa nitamwita dogo tu maana kanikataza kutaja jina lake. Swali tuliloulizwa kila kona ni kwa nini mtu mwenye akili timamu aende kaskazini ya Finland mwisho wa Januari, si angesubiri kiangazi. Jibu langu ni moja: baridi ya kweli haina ubaya wowote, inayoudhi ni ile ya nusu nusu. Tuanze na hiyo hiyo.

JUMATATU, HELSINKI, nyuzi 1 juu ya sifuri

Helsinki ilitupokea na hali ambayo wengi wanadhani ndiyo winta yenyewe. Theluji imeyeyuka nusu, imechanganyika na maji na zile kokoto wanazomwaga njiani watu wasiteleze, upepo unatoka baharini unaingia shingoni, na kinachodondoka kutoka juu huelewi ni mvua au ni theluji. Ukivaa koti zito unatoka jasho, ukilifungua unatetemeka. Nyuzi moja tu juu ya sifuri, lakini nilisikia baridi hadi kwenye mifupa. Tatizo ni maji bwana, nguo ikishalowa inakunyonya joto lote la mwili, halafu upepo unakuja kumalizia kazi.

Tulikuwa na mchana mzima wa kusubiri treni ya usiku kwa hiyo tukaenda kutafuta mitumba. Kwa wanaopanga safari: msijibebeshe makoti mapya ya bei mbaya, Finland ina maduka ya mitumba mengi, wenyewe wanayaita kirpputori, na humo ndimo utakuta sufu ya kweli kwa bei ya kitoto. Nilipata soksi za sufu za kusukwa kwa mkono euro 3, sweta euro 8, na glavu zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na gumba peke yake. Hizo ndizo zinazofaa, za vidole vitano ni urembo tu. Mama muuzaji alimwona dogo na viatu vyake vya kubana akatikisa kichwa, akatuonyesha kwa ishara kwamba kiatu lazima kiwe kikubwa kuliko mguu, vidole vicheze ndani na hewa ipate pa kukaa. Akamtafutia jozi namba mbili zaidi, euro 12, akakataa kupokea hela ya soksi za ziada.

Jioni yote tulikaa maktaba ya Oodi, ile iliyofunguliwa Desemba 2018 karibu na stesheni. Kuingia bure, kuna choo, intaneti, viti vizuri, na hakuna anayekuuliza unafanya nini.

Treni ya usiku kwenda Rovaniemi, mji wa kaskazini, inachukua kama saa kumi na mbili. Chumba cha vitanda viwili tulilipa euro 130 kwa wote wawili kwa sababu tulikata mapema, wiki ya safari bei inapaa. Behewa la chakula lina nyama za mviringo na viazi vya kuponda, siyo chakula cha kusimulia lakini unakula huku misitu inapita dirishani, nani atalalamika.

JUMANNE, ROVANIEMI, hasi 17

Baada ya Oulu treni ilisimama. Mhudumu akapita akatuambia swichi ya reli mbele imejaa barafu, tukae tu, na tulikaa zaidi ya saa nzima porini. Nikafuta dirisha kwa kiganja nikaona kitu ambacho Helsinki hakikuwepo, yaani nyota. Hakuna wingu, hakuna upepo, misonobari imebeba theluji na haitikisiki hata tawi. Dogo akaniambia, "Dada, huko nje pametulia mno, mimi sipaamini."

Tukashuka Rovaniemi, hasi 17, na nilijiandaa kuumia. Hatua ya kwanza puani kukawa na kitu kinachotekenya, ni vinyweleo vinaganda ukivuta hewa na kuyeyuka ukiitoa. Hatua ya pili nikasikia theluji inalia chini ya kiatu. Huo mlio ukitaka kuujua chukua unga wa muhogo mkavu uuminye mkononi. Theluji iliyo karibu na sifuri ina utando wa maji juu ya chembe zake kwa hiyo zinateleza kimya kimya, ikishuka chini ya hasi 10 hivi chembe zinakuwa kavu, zinasuguana na kuvunjika, ndipo inaanza kupiga kelele. Baada ya siku mbili nilikuwa nakisia nyuzi kwa sikio kabla ya kutazama simu.

Na sikusikia baridi. Naapa. Hewa kavu, nguo kavu, hakuna upepo, jua la chini kabisa lenye rangi ya chungwa. Tulitembea hadi daraja la Jätkänkynttilä tukiangalia mto Kemijoki umeganda chini, kisha tukaingia Arktikum, makumbusho yenye ukumbi mrefu wa vioo unaoelekea mtoni. Humo unaona jinsi mji ulivyochomwa moto na jeshi la Ujerumani wakati linarudi nyuma mwaka 1944, halafu msanifu majengo Mfini Alvar Aalto akachora ramani mpya ya mitaa yenye umbo la kichwa cha kulungu wa baridi (reindeer) na pembe zake. Kijiji cha Baba Krismasi kiko kilomita nane hivi kaskazini kwenye mstari wa Aktiki, tulipiga picha tukaondoka.

Chakula cha mchana ulizia lounas, ni bufee ya mchana tu siku za kazi, tulilipa euro 13 kila mmoja na ndani yake kuna supu, saladi, mkate, kahawa, unarudia upendavyo. Jioni mlo kama huo huo ungekula euro 25 na zaidi.

JUMATANO, BARABARANI, hasi 19 hadi hasi 35

Basi la kwenda Inari linafuata barabara ya E75 na safari ni kama saa tano, kilomita 325. Nauli ilikuwa karibu euro 50. Kaa mbele, siti ya nyuma ya dereva, kwa sababu moja tu: pale juu kuna kipimajoto cha nje na ndicho sinema ya safari nzima.

Hasi 24 tunatoka mjini. Hasi 28 Sodankylä, ambako basi linasimama watu wanywe kahawa. Nilikuwa nimesimama nje kupiga picha, mzee mmoja akanijia bila salamu, akanyoosha kidole usoni kwangu kisha akagusa shavu lake mwenyewe. Sikuelewa. Akavua glavu yake akaweka kiganja chake shavuni kwake akakishikilia, akinihimiza kwa macho nifanye hivyo. Nikafanya. Baada ya dakika hivi shavu likaanza kuwasha vibaya mno, mzee akakagua, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka zake. Dereva ndiye aliyenieleza kwa Kiingereza kwamba nilikuwa na doa jeupe, ngozi inaanza kuganda na mwenyewe husikii kitu, ndiyo maana huku watu wanaangaliana nyuso. Kwa hiyo angalieni wenzenu. Ukiona doa jeupe weka mkono wenye joto utulie hapo hapo, usisugue, na usithubutu kupaka theluji.

Vuotso, hasi 33. Halafu barabara ikaanza kupanda kuelekea vilima vya Saariselkä na mimi na dogo tukaanza kubishana, yeye anasema juu tutakuta hasi 40. Kipimajoto kikaanza kwenda upande mwingine. Hasi 30. Hasi 26. Tulipopita karibu na kilima cha Kaunispää kilikuwa hasi 19, dogo akajiona kaibiwa. Kumbe usiku mtulivu usio na mawingu, hewa iliyopoa sana ni nzito, inateremka na kutuama mabondeni, juu kunabaki na nafuu. Tukashuka upande wa pili kuelekea Ivalo na namba zikaporomoka tena, hasi 35 kwenye uwanda wa mto. Dereva alituona tunavyoshangilia kila namba akacheka mpaka akaanza kututangazia kwa kipaza sauti.

Inari tulifika giza limeingia, ingawa ilikuwa alasiri. Tulichukua kibanda chenye jiko la kuni, euro 85 kwa usiku. Mama mwenye kibanda alikuwa ameshawasha moto na kuacha mkate wa shayiri nyeusi na siagi mezani.

ALHAMISI, INARI, hasi 34

Hii ndiyo siku niliyoifuata huko kote.

Asubuhi ni giza refu la bluu. Jua linachungulia karibu saa nne na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama, lakini kabla na baada kuna mwanga mrefu wa waridi unaolala juu ya theluji, kwa hiyo usidhani ni giza tupu. Moshi wa mabomba ya nyumba unapanda umenyooka, halafu kwenye kimo fulani unakata kona na kutandaa, hapo ndipo hewa ya joto ya juu ilipokutana na ya baridi ya chini. Magari yote yamechomekwa umeme kwa waya mrefu kutoka kwenye nguzo ili injini ipate joto, na yanapoondoka matairi yanagonga dugu dugu mita za mwanzo maana raba imeganda na ule ubapa iliyolala nao usiku.

Nikashuka hadi daraja la mto Juutua. Maji yale yana kasi kiasi kwamba hayagandi hata hasi 34, yanafuka mvuke, na ule mvuke unaganda kwenye kila kilicho karibu. Nilisogelea tawi moja la mti wa betula, jembamba kuliko kalamu, likiwa limeotesha sindano za barafu urefu wa kucha yangu, zote zimeelekea upande wa mto. Kila sindano ina vijino pembeni. Nikapumua kwa bahati mbaya zikadondoka zote kwa sauti ndogo ya glasi, tawi likabaki jeusi tupu. Chini yangu ndege mdogo mweusi mwenye kifua cheupe alikuwa anapiga magoti magoti juu ya jiwe lenye barafu, mara akajitosa ndani ya maji mzima mzima, akapotea, akaibuka mbele na mdudu mdomoni. Anaitwa koskikara. Yeye baridi wala haimhusu, ili mradi mto uko wazi.

Halafu hewa yenyewe ikaanza kumetameta. Anga ni safi, hakuna wingu, lakini kuna vumbi la fuwele za barafu linaelea na kuwaka likipigwa na jua, na pembeni mwa jua, kushoto na kulia, kukatokea mabaka mawili ya mwanga yenye rangi za upinde wa mvua. Hewa ya nyuzi hizo haiwezi kubeba unyevu karibu wowote, mvuke mdogo uliopo unageuka fuwele hapo hapo. Nilisimama nikashangaa hadi kope zikashikana, unazifungua kwa kuweka kidole juu yake kidogo.

Adhuhuri tukaingia Siida, makumbusho ya Wasami, wenyeji wa asili wa huku kaskazini, kiingilio kama euro 15. Walishinda tuzo ya makumbusho bora ya Ulaya mwaka 2024 na wanastahili. Kilichonikaa ni viatu vya ngozi ya kulungu wa baridi ambavyo havikuvaliwa na soksi, vilijazwa majani makavu yaliyovunwa kiangazi na kupondwa hadi yakalainika. Jioni unayatoa, unayakausha, unayarudisha. Yule mama wa mitumba na Wasami wanafundisha somo lile lile, hewa kavu ndiyo inayokutunza.

Jioni dogo akataka ile video ya kurusha maji ya moto. Tukachemsha birika, akarusha juu, ssshhh, yakageuka wingu jeupe na hakuna tone lililofika chini. Akaanza kumweleza mwenye nyumba habari za Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa shule ya Magamba, Tanzania, ambaye mwaka 1963 aligundua mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia frija ukiwa moto umeganda kabla ya uliopoa, akachekwa darasani, na mwaka 1969 akatoa makala na Profesa Denis Osborne. Nikamwambia dogo hii ya kurusha ni jambo jingine, maji ya moto yanapasuka kuwa matone madogo zaidi na yanatoa mvuke mwingi ndiyo maana yanaganda hewani. Lakini mama alishachukua jina, analiandika kwenye kalenda ya jikoni. Ukirusha, rushia upande upepo unakokwenda na uhakikishe hakuna mtu.

Mambo ya vifaa, niyamalize hapa. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, betri inakufa kwenye asilimia 40 na ikipata joto inafufuka. Kamera kabla ya kuingia nayo ndani ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iache ipate joto taratibu, la sivyo inalowa ndani. Usivae pamba kwenye ngozi, vaa sufu. Uso upake mafuta mazito, losheni ya maji maji iache hotelini. Na tembea polepole, ukitoka jasho umejirudisha Helsinki.

IJUMAA, ZIWANI, hasi 31

Ziwa Inari lina visiwa zaidi ya 3,000 na lote limefunikwa. Mwenye nyumba alituazima kigari cha barafu, kiti chenye vyuma viwili virefu nyuma, mmoja anakaa na mwingine anasimama na kusukuma kwa mguu. Bure. Tulifuata njia iliyowekewa vijiti, usiiache hiyo maana kwenye midomo ya mito barafu ni nyembamba hata mwezi huu.

Mbele tukamkuta mzee amekaa juu ya sanduku anavua, katoboa tundu dogo kwa keekee ya mkono. Uvuvi huu wa fimbo fupi kwenye barafu ni bure kwa kila mtu Finland, hata mgeni, isipokuwa sehemu chache zilizokatazwa. Alimpa dogo fimbo, akamwonyesha kuinua na kushusha, kuinua na kushusha. Hatukuongea lugha moja na haikuwa shida. Dogo alipata samaki mdogo mwenye mistari na mapezi mekundu, kabla hajamaliza kumpiga picha samaki kashakuwa mgumu.

Halafu ziwa likanguruma. Mlio mzito ulianzia mbali, ukapita chini ya miguu yetu ukaishilia upande wa pili. Mimi nikashika mkono wa dogo, dogo akashika sanduku la mzee. Mzee akacheka, akagonga barafu kwa kisigino. Barafu inavyozidi kupoa inasinyaa na kupasuka, na kelele ndiyo hiyo, haina maana kwamba inakatika. Akatumiminia kahawa kutoka kwenye chupa ya chai, moja ikanywewa na watu watatu.

Usiku supu ya samoni na viazi na majani ya shibiti (dill), euro 14, na aurora, ule mwanga wa kijani angani, kwa dakika chache. Wengine wanalipa mamia ya euro kuufuata, sisi tuliuona tukitupa taka.

JUMAMOSI, SAUNA, hasi 33

Sauna ya kibanda ni ya kuni, inachukua saa mbili kupata moto. Jirani mmoja, bibi wa miaka sabini na kitu, aliingia na mimi zamu ya wanawake, kaleta matawi ya betula aliyoyagandisha tangu kiangazi. Unamwagia maji mawe, joto linakushukia mabegani, ukizidiwa unatoka.

Kutoka kwenyewe ni kwenda ziwani. Kuna tundu kwenye barafu lenye ngazi ya mbao na pampu ndogo inayozungusha maji yasigande. Bibi akanivalisha soksi za sufu ili nyayo zisinate kwenye ngazi, na kofia, nywele zisilowe. "Usizamishe kichwa, pumua nje," akaniambia, akatangulia. Maji ni karibu sifuri na hewa ni hasi 33, kwa hiyo kwa hesabu unaingia kwenye joto, na mwili kwa sekunde mbili hauijui hesabu hiyo kabisa. Nikapumua nje. Nikapumua nje tena. Nikapanda, na hapo juu ya barafu, mvuke unatoka mabegani, soksi zinaanza kukakamaa, sikusikia baridi hata chembe, nikasimama nimevaa kofia na nguo ya kuogelea napiga stori na bibi kuhusu wajukuu wake. Nikarudia mara kadhaa. Mwenye moyo au presha aongee na daktari kwanza, na usiende peke yako.

Dogo zamu yake aliingia hadi magotini akadai hiyo inatosha kuhesabika.

JUMAPILI, KUELEKEA UWANJA WA IVALO, hasi 8

Usiku mawingu yaliingia na yakaleta nyuzi zaidi ya ishirini. Theluji imeacha kulia, moshi unazagaa, bibi alipita kutuaga analalamika kwamba hali ya hewa imeharibika. Kwa wanaoenda: mwisho wa Januari na Februari ndiyo bahati kubwa, lakini weka siku za akiba, baridi kali inakuja na kuondoka na hailipiwi tiketi. Kwa watu wawili, bila ndege, tulitumia kama euro 1,100 pamoja na mitumba.

Kituoni basi lilichelewa dakika ishirini. Dogo alifungua zipu ya koti, akavua kofia, akakaa juu ya begi anajipepea na tiketi, anamwambia dereva aliyeshuka kwamba leo joto limezidi.